Pwagu, Pwaguzi na Mtoto Aliyesahauliwa

Huenda msomaji akastaajabu kuona kwamba katika kitabu kinachozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mahali panapostahili ngoma, methali, mashairi na mila za wazee, sisi tumechagua kuandika juu ya filamu ya kuchekesha iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya familia na likizo ya Krismasi. Sisi wenyewe tulisita. Kwa miaka mingi kazi yetu ya mchana imekuwa kuandika barua za serikali, na kazi yetu ya usiku kutunga mashairi. Wala hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyotufundisha kuandika juu ya watu wanaoteleza kwenye barafu na kupigwa makopo ya rangi usoni. Hata hivyo, Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa mwezi Desemba 1962, hakutuhimiza kuthamini vya kwetu tu, bali alitukumbusha pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine linajidhuru lenyewe. Basi tumeona si vibaya kueleza yale tuliyojifunza katika filamu hiyo, maana tulichelewa kuyajifunza, na kuchelewa huko kulitugharimu.

Filamu yenyewe inaitwa Home Alone, yaani Peke Yake Nyumbani. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Novemba 1990. Sisi tuliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1993, mjini Tanga, katika banda la video lililoezekwa kwa makuti. Tulikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa ukarani. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa haijapata kituo chake cha televisheni. Aliyetaka kuona filamu alikwenda kwenye jumba la sinema, na asiyekuwa na nauli ya kutosha alikwenda bandani. Kando ya televisheni alisimama kijana mwenye kipaza sauti, aliyefasiri maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi yake mwenyewe. Wezi wawili wa filamu hiyo huitwa Harry na Marv. Yeye aliwabatiza Pwagu na Pwaguzi, majina tuliyoyazoea sote kutokana na mchezo wa redio, na watu wakacheka kabla hata wezi hawajaanguka.

Tukitazama nyuma twaona kwamba kijana yule alikuwa mhakiki mzuri kuliko alivyojijua. Wahenga walisema pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hukutana na mwizi mwenziwe aliye hodari zaidi. Katika filamu hiyo wezi ni wawili, lakini pwaguzi wa kweli ni mtoto wa miaka minane. Mfasiri yule alikuwa amekichukua kisa cha ugenini akakiingiza katika methali yetu bila kukivunja kiungo. Siku hiyo tulicheka, tukaondoka, tukadhani tumeimaliza filamu. Miaka ishirini na mitano baadaye ndipo tulipofahamu kwamba tulikuwa tumeiona nusu tu.

Kwa ajili ya wale wasioiona, kisa chake ni hiki. Katika kitongoji cha matajiri karibu na jiji la Chicago, familia moja inajiandaa kusafiri kwenda Paris kwa sikukuu ya Krismasi. Nyumba imejaa: watoto ni kumi na mmoja, wazazi ni wanne, na vyumba vyote vina masanduku na kelele. Mtoto mmoja, Kevin, anagombana na kaka yake wakati wa chakula, maziwa yanamwagika mezani, na watu wote wanamgeukia yeye. Anapelekwa kulala darini peke yake. Kwa hasira anatamani watu wa nyumba yake watoweke. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamshia zinazimika, na asubuhi watu wanaamka wakiwa wamechelewa. Msichana mmoja anapewa kazi ya kuhesabu watoto. Anahesabu, na hesabu inatimia, kwa sababu amemhesabu mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia gari. Wanaondoka. Ndege ikiwa juu ya bahari, mama anahangaika moyoni kwamba amesahau jambo, asijue ni lipi, hata ghafla anainuka kitini na kulitaja jina moja tu: Kevin.

Ndugu msomaji, tuitazame hesabu hiyo kwa makini, maana ndiyo nguzo ya filamu nzima. Mtoto hakupotea kwa kuwa familia ni maskini, wala kwa kuwa hawampendi. Alipotea kwa kuwa walihesabu vichwa wasitazame nyuso. Sisi tulio watumishi wa ofisi twaijua sana hesabu ya namna hiyo. Mara nyingi jedwali hukaa sawa, jumla ikatimia, na bado yuko mtu ambaye hayumo.

Kevin akiachwa, kwanza anafurahi, kisha anaogopa, kisha anajifunza kufua nguo na kwenda dukani. Wezi wanapoikusudia nyumba, anawategea mitego. Mwenye kuingia kwa mlango wa nyuma anaunguzwa kichwa, mwenye kuingia kwa ghala la chini anaangukiwa na pasi usoni, mmoja anakanyaga msumari na baadaye mapambo ya kioo, na wote wawili wanapigwa kwa makopo ya rangi yaliyofungwa kamba. Hayo ndiyo tuliyoyacheka bandani. Nasi twapenda kuwaambia wanafunzi waziwazi: mapigo ya namna hiyo katika maisha ya kweli huua. Asiwepo wa kuyajaribu kwa mdogo wake.

Aliyetunga mchezo huo na kuwa mtayarishaji wake ni John Hughes, na aliyeuongoza ni Chris Columbus. Kampuni iliyouanzisha iliachana nao kwa ajili ya gharama, na kampuni ya 20th Century Fox ikauchukua. Filamu iligharimu kiasi cha dola milioni 18, ikaingiza zaidi ya dola milioni 470 duniani kote. Nyumba inayoonekana kwa nje iko katika mji mdogo wa Winnetka, jimbo la Illinois. Lakini walimu watafurahi kusikia kwamba sehemu kubwa ya vyumba vya ndani vilijengwa katika ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari iliyokuwa imekwisha kufungwa, na lile ghala lililojaa maji lilipigwa picha katika bwawa la kuogelea la shule hiyo hiyo. Kwa hiyo tusemapo kwamba hatuwezi kuigiza mchezo shuleni kwetu kwa kukosa jukwaa, tukumbuke kwamba filamu iliyochekesha dunia ilipigwa misumari katika ukumbi wa wanafunzi.

Sasa tuwataje waigizaji, maana katika nchi yetu bado wako wanaodhani kwamba kuchekesha ni kipaji cha mtu asiye na kazi. Mwizi mfupi, Harry, aliigizwa na Joe Pesci. Mwaka huo huo wa 1990 Pesci alikuwa ameigiza muuaji wa kutisha katika filamu ya Goodfellas iliyoongozwa na Martin Scorsese, na mwezi Machi 1991 alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Mtu wa daraja lile alikubali kuunguzwa nywele na mtoto mbele ya ulimwengu mzima. Tena hakuifanya kazi hiyo kama mzaha. Inaelezwa kwamba nje ya kamera alijitenga na mtoto yule makusudi, ili mtoto amwogope kwa kweli. Na mtoto mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alisimulia kwamba katika mazoezi Pesci alimng'ata kidole hata akaachwa na kovu. Hatumsifu kwa kung'ata. Twaonyesha tu kwamba mchekeshaji hodari huichukua hatari ya mchezo kuwa hatari.

Mwizi mrefu, Marv, aliigizwa na Daniel Stern. Alikubali kuwekewa buibui mkubwa, aliye hai, juu ya uso wake. Ukimtazama Stern utaona siri kubwa ya ufundi wa vichekesho: haonyeshi kamwe kwamba anachekesha. Anapolia, analia kwa dhati. Anapojiona mwerevu, anajiona hivyo kwa dhati. Mwigizaji akicheka yeye kwanza, mtazamaji hana la kucheka, kama vile malenga akilia yeye kabla ya shairi, wasikilizaji hubaki na macho makavu.

Tena wako wawili ambao watu hawawajui. Katika maporomoko makubwa, hawakuanguka Pesci na Stern, bali walianguka watu ambao kazi yao ni kuanguka badala ya waigizaji: Troy Brown kwa niaba ya Pesci, na Leon Delaney kwa niaba ya Stern. Hapakuwa na kompyuta ya kuwaangusha. Walijitupa kwa migongo yao wenyewe. Columbus amesimulia kwamba maporomoko hayo hayakumchekesha wakati yakipigwa picha. Alichekeshwa baadaye tu, alipokwisha kujua kwamba waliyaokoka. Majina yao hupita mwishoni mwa filamu, watazamaji wakiwa wamekwisha kuinuka na kutafuta viatu. Hao nao ni watu walioachwa nje ya hesabu, nasi tumeona haki tuwahesabu hapa.

Mama wa Kevin aliigizwa na Catherine O'Hara. Alifundwa katika kundi la vichekesho la Second City mjini Toronto, nchini Kanada, na hapo ndipo alipotoka pia John Candy, mtu mnene mwenye uso wa huruma, aliyeigiza mpiga muziki anayempa mama huyo nafasi katika gari lao. O'Hara angeweza kumfanya mama yule kuwa kichekesho, hakufanya hivyo. Mama anauza hereni zake kwa ajili ya kiti cha ndege, anapita Dallas na Scranton, anagombana na makarani wa uwanja wa ndege, na mwisho anajibanza nyuma ya gari la wanamuziki usiku wa theluji. Candy, ambaye sehemu yake yote ilipigwa picha kwa siku moja, anamfariji kwa kumsimulia jinsi yeye alivyomsahau mwanawe kutwa nzima katika nyumba ya kuhifadhia maiti. Watazamaji hucheka. Lakini mtazame mama: hacheki. Hapo mwenye macho huona kwamba wachekeshaji wawili waliozoeana wamegawana kazi, mmoja akabeba kicheko na mwingine akabeba uchungu, na wala hakuna anayempokonya mwenziwe mzigo.

Naye Kevin aliigizwa na Macaulay Culkin, aliyekuwa na umri wa miaka kumi filamu ilipotoka. Mdogo wake, Kieran, yumo pia, kama binamu mdogo mwenye miwani anayekojoa kitandani. Na mtoto huyo mdogo, mwaka 2025, naye alitunukiwa tuzo ya Oscar. Lakini njia ya kaka mtu haikunyooka. Baada ya sehemu ya pili ya filamu hiyo mwaka 1992 na filamu nyingine kadhaa, aliacha kuigiza mwaka 1994, akiwa kijana wa miaka 14. Mwaka uliofuata wazazi wake walitengana, wakafikishana mahakamani kwa ajili ya watoto. Mtoto aliyewaunganisha watu wengi mbele ya televisheni siku za sikukuu, nyumba yake mwenyewe ilivunjika. Twalisema hili kwa ajili ya wazazi na walimu wenye kugundua kipaji katika mtoto: mtoto akianza kuleta fedha nyumbani, huhesabiwa fedha zake, na yeye mwenyewe akasahauliwa. Alirudi kwenye uigizaji mwaka 2000, jukwaani mjini London. Na mwezi Desemba 2023, alipowekewa nyota yenye jina lake katika barabara ya watu mashuhuri ya Hollywood, miongoni mwa waliosimama kumsemea alikuwa Catherine O'Hara, yule mama wa mchezo.

Tumebakiza mwigizaji mmoja, naye ndiye aliyetufanya tuandike makala haya. Roberts Blossom, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2011, aliigiza mzee jirani aitwaye Marley. Huonekana usiku akisukuma beleshi lake katika theluji, naye hasemi na mtu. Watoto wamezushiana kwamba aliua watu wake. Mkesha wa Krismasi Kevin anamkuta kanisani, naye mzee anakaa karibu naye na kueleza ukweli: amekuja kumsikiliza mjukuu wake anayeimba katika kwaya, na amekuja saa ya mazoezi, kwa sababu hawezi kuja wakati mwanawe yupo. Waligombana na mwanawe miaka mingi iliyopita. Mtoto anamwuliza kwa nini asimpigie simu. Mzee anajibu kwamba anaogopa mwanawe hatakubali kusema naye. Hayo tu. Hakuna aangukaye, hakuna apigwaye. Blossom anayasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa fedha mfukoni akizihesabu kama zitatosha. Baadaye tulifurahi kujua kwamba mwigizaji huyo naye alikuwa mshairi.

Tuliyaona hayo kwa macho mapya mwezi Desemba 2018, mjini Dodoma, nyumbani kwetu. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto walikuwa wamesimika tawi la mvinje ndani ya ndoo ya mchanga, wakalibandika pamba kuwa ndiyo theluji, katika mji ambao mwezi huo jua lake hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Tuliwatania kwamba hiyo ni kasumba, wakacheka, wakaongeza pamba. Kisha tukakaa sote kuitazama filamu hiyo, sisi tukijigamba kwamba twaijua tangu enzi za banda la makuti, na kwamba tutawafasiria kama yule kijana wa Tanga. Tulifasiri vizuri mpaka tulipofika kanisani. Hapo tulinyamaza.

Inatupasa kueleza sababu. Marehemu baba yetu alifariki mwaka 2010, akatuachia, sisi na kaka yetu mkubwa, shamba la michungwa wilayani Muheza. Kaka alibaki nyumbani akilitunza; sisi tulikuwa mbali kikazi. Mwaka 2012 tulipungukiwa na ada za shule, tukamwuzia mfanyabiashara machungwa ya msimu mzima yakiwa bado mtini, bila kumwuliza kaka. Tulijiambia kwamba nusu ni yetu. Hatukujiambia ni nani aliyepalilia. Kaka alipouliza, alisema maneno makali mbele ya watu. Nasi tukamjibu maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Tangu siku hiyo hatukusemezana. Kila Desemba tulisafiri na watoto kwenda Lushoto, ukweni. Basi likifika njia panda ya Segera hugeuka kushoto kuelekea Korogwe, na barabara ya Muheza hubaki kulia. Kwa miaka sita, tukifika hapo, tulijifanya kutafuta kitu mfukoni.

Basi jioni ile mzee Marley alipokwisha kusema, mwanetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alituangalia akauliza, "Baba, na Baba Mkubwa, tulimsahau nyumbani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayehesabu. Mama yake alimwambia anyamaze atazame picha. Sisi tulitoka nje, tukasimama uani kwa muda mrefu. Tulikuwa mshairi, tulikuwa tumetunga tenzi za umoja zikasomwa kwenye sherehe za mkoa, tulikuwa tumeandika barua zisizo na idadi za kusuluhisha watu wa idara mbili wasioelewana. Na hatukuwa na jibu la kumpa mtoto.

Tulipiga simu kesho yake. Iliita hata tukadhani tumeokoka. Kisha ikapokewa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Palikuwa kimya. Tulisikia jogoo, tukajua kaka amekaa barazani, mahali pa baba. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi, tukiyapanga kama tunavyopanga beti, wala hatukuweza kulikumbuka hata moja. Mwisho kaka ndiye aliyesema.

"Mko wangapi?"

Tukamhesabia, kwa majina, mmoja mmoja. Akasema, "Haya." Akakata simu.

Mwaka ule tulipofika Segera tulishika njia ya kulia. Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba kila kitu kilikwisha siku hiyo kama kinavyokwisha katika filamu, ambapo Kevin husimama dirishani akamwona mzee Marley akikumbatiana na watu wake. Kaka hakutukumbatia. Alitupokea mizigo, akawapa watoto machungwa, na alipoketi kula alihesabu sahani kwa kidole, akaona zimetimia. Suala la shamba lilichukua vikao viwili vya wazee, na katika kikao cha kwanza tulitakiwa kukiri kosa letu mbele ya watu, tukakiri. Kaka alituachia miaka mingine michache tu ya kuwa naye. Alifariki mwaka 2022. Gharama tuliyoitaja mwanzoni ndiyo hiyo: ile miaka sita, ambayo hakuna msimu wa machungwa uwezao kuifidia.

Hapo ndipo tulipofahamu thamani ya kicheko katika utamaduni wa watu. Mhubiri angetuambia tupatane na ndugu yetu, tungemsikiliza kwa adabu na kurudi na neno letu moyoni, kwa kuwa kwa mhubiri huenda tukiwa tumejifunga. Kwenye kichekesho tulikwenda tumelegea. Pwagu na Pwaguzi walitufungua mlango kwa makopo ya rangi, na mzee Marley akaingia nyuma yao taratibu. Hiyo ndiyo kazi ambayo babu zetu waliijua walipompa sungura nafasi ya kuchekesha kabla ya kumpa nafasi ya kufunza.

Wenye filamu hiyo nao wameitambua thamani yake. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1988, Maktaba ya Bunge la Marekani huchagua filamu 25 kila mwaka zihifadhiwe kuwa urithi wa taifa lao, na mwaka 2023 Home Alone ilikuwa mojawapo. Hawakuona aibu kuweka pasi iliyomwangukia mwizi katika hazina ya taifa. Nasi tujiulize: tumewahifadhi wapi wa kwetu? Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alifariki mwezi Agosti 2018. Said Ngamba, aliyejulikana kwa jina la Mzee Small, alifariki mwaka 2014. Hao nao walijua siri ya kutocheka wao kwanza. Sisi wenyewe tulikuwa na sanduku la kanda za michezo ya redio na vichekesho tulivyokusanya tangu ujana. Tulipolifungua tukakuta kanda zimeota ukungu, na sauti zimekwenda na wenyewe. Kosa hilo ni letu, hatumsingizii mtu.

Kwa hiyo tuna maombi mawili kwa walimu watakaosoma makala haya pamoja na wanafunzi wao. La kwanza, wanafunzi waende kwa wazee wanaochekesha katika vijiji na mitaa yao, waandike visa vyao na kuvirekodi, na kuwataja kwa majina. La pili, mwanafunzi akimaliza kucheka katika mchezo wowote, wa kwetu au wa kigeni, aulizwe: ni nani katika kisa hiki ambaye hakuhesabiwa? Kisha arudi nyumbani akajiulize hivyo hivyo, kimya kimya, wakati wa chakula.

Nasi, kwa kuwa hatujui kufunga mazungumzo ila kwa ubeti, twaacha huu:

Nyumba hata ikijaa, usiache kuhesabu,
Mmoja kimya akaa, moyoni ana taabu,
Kumwita si kumvaa, wala kumpa adhabu,
Mpe kiti na wasaa, ndugu asiwe ghaibu.